Mkono wa Kwanza

HAMISI: Karibuni tena wasikilizaji, tuko Mwanga hapa, Kigoma mjini. Shikamoo, Mama Sauda.

MAMA SAUDA: Marahaba, mwanangu. Leo nimekuja na aibu yangu.

HAMISI: Haya, itoe.

MAMA SAUDA: Kikoba chetu. Mwenzetu aliomba mkopo akanunue dagaa Kibirizi. Mimi najua mbalamwezi imekaribia, wavuvi watapumzika, dagaa watakuwa wa kugombania. Moyoni nimeshakataa. Mwenyekiti akauliza, "Wanaokubali?" Mkono wake mwenyewe ukawa wa kwanza, bangili zikalia. Wa mbele watatu wakafuata. Kuja kushtuka, na wangu uko juu!

HAMISI: (anacheka) Nani aliunyanyua?

MAMA SAUDA: Niambie wewe unayesoma.

HAMISI: Kuna watafiti, Muchnik, Aral na Taylor, walichapisha kazi yao mwaka 2013 katika jarida la Science. Walichukua maoni zaidi ya 101,000 ya wasomaji wa tovuti moja ya habari, ambako watu huyapigia kura maoni ya wenzao. Mengine, pale tu yalipoandikwa, wakayapa kura moja ya kuunga mkono. Kwa kubahatisha, hata hawakuangalia yanasema nini.

MAMA SAUDA: Moja tu?

HAMISI: Moja. Msomaji aliyefuata, uwezekano wa naye kuunga mkono ukapanda kwa asilimia 32. Na mwisho wa yote, alama za maoni hayo zikawa juu kwa asilimia 25, kwa wastani.

MAMA SAUDA: Na wakitia ya kupinga?

HAMISI: Hapo ndipo nilipopapenda. Wasomaji walijitokeza kuyatetea, mwishowe yakawa sawa tu na ambayo hayakuguswa.

MAMA SAUDA: Mbona hilo la kawaida. Mtu akikuponda ugali wako mbele za watu, atatokea wa kukutetea. Akiusifu nao mbichi, nani atafungua mdomo? Lakini Hamisi, mimi sikudanganyika. Niliogopa! Mwenyekiti ndiye mdhamini wangu. Hao wa mtandaoni hawajuani, nani aliwatisha?

HAMISI: Kweli, si ugonjwa mmoja. Wewe wako ni ule wa mlolongo. Kenya mwaka 1988, kwenye mchujo wa KANU, chama kilichotawala wakati ule, wapiga kura walipangwa foleni nyuma ya mgombea wao, kila mtu anamwona mwenzake. Wa mtandaoni nadhani anajiambia, huyu aliyetangulia pengine ameona kitu mimi sijakiona. Anafuata mkumbo bila kujua.

MAMA SAUDA: Sisi mwezi uliofuata tulileta chungu. Kila mtu anapewa punje ya hindi na ya harage. Hindi ndiyo, harage hapana. Unaingiza ngumi, unaachia moja.

HAMISI: Safi kabisa.

MAMA SAUDA: Safi wapi! Wa kwanza kaachia, chungu kikalia "ti!" Mmoja nyuma huko akasema, "Hilo harage hilo." Vicheko. Ikabidi tutandike kipande cha kitenge chini, tuanze upya.

HAMISI: Siku hiyo nani alikuwa anaomba?

MAMA SAUDA: Mwenyekiti mwenyewe. Mweka hazina akamwaga punje kwenye ungo: maharage kumi na manne, mahindi saba.

HAMISI: Lo! Akasemaje?

MAMA SAUDA: Alisema tuhesabu tena.