Maji, mafuta na damu: seli inavyojijenga na inavyoharibika

Asanteni sana wazee wetu, wamama, na nyinyi vijana wa S5, sekondari mwaka wa tano, naona mmejipanga nyuma kabisa, sogeeni mbele kidogo nafasi ipo. Nimeombwa niongee kuhusu seli na kemia ya uhai, na najua wengi mkisikia kemia mnakumbuka kukariri tu, mtihani ukiisha na yenyewe imeisha. Mimi nataka mtoke hapa Bombo na kitu kimoja: maji na mafuta havipatani, huko kutopatana ndiko kunaijenga seli, na huko huko ndiko kunaleta sikoseli, ule ugonjwa wa damu wa kurithi.

Tuanze na maji. Molekuli yake ina oksijeni moja na haidrojeni mbili, lakini oksijeni inavuta elektroni upande wake, kwa hiyo yenyewe inakuwa na chaji hasi kidogo na haidrojeni zinakuwa chanya kidogo. Ndio maana molekuli za maji zinashikana zenyewe kwa zenyewe, na kitu chenye chaji, mfano chumvi, kinayeyuka humo bila shida. Mafuta hayana chaji hiyo. Mwaga mafuta ya kupikia kwenye sufuria ya maji ukoroge halafu uinamie uangalie, utaona vitone vidogo vidogo vinazunguka, vinakutana, vinaungana mpaka tone kubwa linaelea juu, maji yameshikana yenyewe mafuta yamebaki peke yake.

Sasa utando wa seli umetengenezwa na fosfolipidi. Kila moja ina kichwa kinachopenda maji na mikia miwili inayoyakimbia, ukiziweka nyingi kwenye maji zinajipanga zenyewe tabaka mbili, vichwa nje mikia ndani, hakuna aliyezipanga! Nimefundisha hii miaka na bado inanishangaza. Unene wa huo utando ni kama nanomita 7, yaani upange tando zaidi ya laki moja ndio upate milimita moja, na huo ndio ukuta kati ya uhai na nje.

Ndani kuna kiini chenye DNA, yaani maelekezo tunayorithi kwa wazazi, kuna mitokondria zinazochoma chakula kupata nguvu, kuna ribosomu zinazounganisha protini kwa kufuata nakala iliyotoka kwenye DNA. Michoro ipo kwenye vitabu vyenu, sitakaa hapo. Nataka tukae kwenye protini.

Protini ni asidi amino zilizofuatana kwenye mstari, chukulia shanga za tasbihi, aina ni 20 na mpangilio ndio unaamua itajikunja vipi na itafanya kazi gani. Himoglobini, protini inayobeba oksijeni kwenye damu, ina minyororo minne, miwili ya alfa na miwili ya beta, na kila beta ina shanga 146. Mtu mwenye sikoseli, ile ya sita kwenye beta imebadilika. Ilitakiwa iwe asidi glutamiki, ambayo ina chaji na inapenda maji, badala yake ipo valini, na valini inayakimbia maji kama ule mkia wa fosfolipidi. Shanga moja tu kati ya 146. Mwanasayansi Vernon Ingram ndiye alionyesha hivyo mwaka 1957 akiwa Cambridge, Uingereza.

Himoglobini ikishaachia oksijeni inabadilika umbo, ile valini inapata mahali pa kujificha maji kwenye himoglobini ya jirani, jirani naye anashika mwingine, mpaka inakuwa nyuzi ndefu ngumu ndani ya seli. Paka tone la damu ya mgonjwa kwenye kioo uangalie kwa maikroskopu, katikati ya seli za mviringo utaona nyingine nyembamba zimepinda ncha mbili kali. Hizo zinaziba mishipa midogo, mtoto anavimba vidole, mifupa inauma usiku kucha, na wamama waliokaa na mtoto wa hivyo hawahitaji mimi niwaeleze. Pia seli nyekundu haina kiini wala mitokondria, ilishavitoa ilipokuwa inakomaa, kwa hiyo haiwezi kutengeneza protini mpya ijirekebishe. Ya kawaida inaishi siku kama 120, hizi zilizopinda siku 10 mpaka 20 zimekufa, damu inapungua. Na mwili ukikosa maji himoglobini inabanana zaidi ndani ya seli, nyuzi zinatokea haraka, kwa hiyo daktari akisisitiza mtoto anywe maji mengi anaongea kemia hiyo hiyo.

Aliyerithi kutoka kwa mzazi mmoja tu kwa kawaida haumwi, na malaria kali haimpati kirahisi, ndio maana imebaki kwetu. Utafiti wa watoto wachanga Uganda nzima mwaka 2014 na 2015 ulikuta karibu asilimia 13 wamebeba, yaani wamerithi kwa mzazi mmoja hivyo, na huko Bundibugyo, magharibi mwa Uganda, kwa Baamba, watafiti Lehmann na Raper walishakuta zaidi ya asilimia 40 mwaka 1949. Vijana, pimeni kabla ya harusi, wote wawili mkiwa mmebeba kila mimba ina nafasi 1 kati ya 4 ya mtoto mgonjwa.

Mama mmoja aliniuliza pale mlangoni mbona mtoto alizaliwa mzima akaanza kuumwa baadaye. Mtoto akiwa tumboni anatumia himoglobini nyingine isiyo na mnyororo wa beta, hiyo shanga mbaya haimo kabisa, na inamlinda mpaka miezi kama sita inapopungua. Dawa ya haidroksiyuria inafanya mwili urudie kuitengeneza hiyo ya utotoni, na ikichanganyika ndani ya seli nyuzi zinashindwa kuungana.