Flopi Ilikufa kwa Kelele, Flashi Inakufa Kimya

Ndugu zangu, asanteni kwa kuja. Kabla sijaingia kwenye mada, naomba flopi hii, diski ya zamani ya kuhifadhia mafaili ya kompyuta, ipite mkono kwa mkono. Sogezeni kile kibati cha pembeni, mchungulie ndani, ila utando wenyewe msiuguse kwa vidole. Hicho mnachokiona ndicho kila kitu kilichomo. Hamna chipu wala saketi. Ni plastiki nyembamba iliyopakwa unga wa sumaku, ikalazwa katikati ya vitambaa viwili laini vinavyoifuta vumbi inapozunguka.

Wahandisi wa IBM kule San Jose, California, walianza kuihangaikia mwaka 1967, wakiongozwa na David Noble. Haja yao ilikuwa ndogo tu: chombo chepesi cha kupakia maagizo kwenye kompyuta kubwa. Ile ya kwanza, ya inchi 8, ilitoka 1971 ikibeba kilobaiti 80 hivi, tena ilikuwa ya kusomwa tu. Shugart Associates wakaleta ya inchi 5.25 mwaka 1976. Sony wakaja na ya inchi 3.5 mwaka 1981, yenye ganda gumu, nayo ndiyo iliyoko mikononi mwenu.

Juu yake pameandikwa megabaiti 1.44. Tuihesabu pamoja, maana hesabu yenyewe ni tamu. Pande mbili, kila upande una njia za duara 80, kila njia ina sekta 18, na kila sekta hubeba baiti 512. Zidisheni mtapata baiti 1,474,560. Wimbo wa MP3 wa kilobiti 128 kwa sekunde unakatika mara tu dakika moja na nusu inapopita. Na kasi je? Flopi huzunguka mara 300 kwa dakika, yaani mara tano kwa sekunde, na mzunguko mmoja husoma njia moja ya upande mmoja. Njia zote 160 zinakula sekunde 32, hapo bado hatujahesabu muda wa kichwa cha kusomea kuhama kutoka njia hadi njia.

Sasa chukueni flashi ya gigabaiti 64. Ingehitaji flopi zaidi ya 43,000. Zikipangwa moja juu ya nyingine, kwa unene wa milimita 3.3 kila moja, zinafika mita 143 kwenda juu. Kwa ukubwa na kasi hakuna mashindano, na sitawapotezea muda kujifanya yapo.

Ninalotaka tulitazame ni jinsi vyombo hivi vinavyokufa.

Flopi ikianza kuharibika, unaisikia. Kichwa kinarudi mwanzo, kinajaribu tena, kinakwaruza, mashine inanguruma, kisha kompyuta inakuambia faili fulani halisomeki. Mara nyingi yale mengine bado yapo. Unapata nafasi ya kuyaokoa, kwa sababu kilichoumia ni sehemu moja ya utando, na kila kitu kimekaa mahali pake panapojulikana.

Flashi haiko hivyo. Ndani yake data ni elektroni zilizonaswa kwenye vyumba vidogo sana, na ikikaa miaka bila umeme, elektroni hizo huvuja polepole. Kila chumba kina idadi yake ya kuandikwa na kufutwa, kisha kinachoka. Ili vyumba vichoke kwa usawa, kuna chipu inayoyatawanya mafaili yako huku na huko, na chipu hiyo ndiyo yenye ramani. Ikifa, zinaondoka gigabaiti zote 64 kwa pamoja, pengine bila dalili yoyote. Jana ilisoma, leo kompyuta haijui hata kama umechomeka kitu. Nimewaona watu wakilia kwa ajili ya picha za marehemu wao zilizopotea namna hiyo, na kwangu hilo ni jambo zito kuliko ile mita 143.

Halafu tazameni kitundu chenye kigingi pale pembeni. Kikiwa wazi, mashine ya flopi yenyewe inakataa kuandika, hata programu iamuru nini. Kadi ya SD nayo ina kigingi, lakini kile ni ishara tu: kifaa kinaweza kuipuuza. Flashi nyingi hazina kabisa. Hapa tulipoteza kitu kizuri, na sioni kwa nini tulikubali kirahisi hivyo.

Flopi yenyewe pia ina adui, naye ni kukosekana kwa mashine ya kuisoma. Mwaka 1985 msanii wa Marekani, Andy Warhol, alichora picha kwenye kompyuta ya Amiga. Flopi zake zilibaki kwenye makumbusho yake kule Pittsburgh, na mwaka 2014 wanachama wa klabu ya kompyuta ya Chuo Kikuu cha Carnegie Mellon walitangaza kwamba wamezitoa picha hizo. Sumaku ilikuwa imevumilia karibu miaka thelathini. Kazi ngumu ilikuwa muundo wa mafaili, ambao ilibidi waufumbue wenyewe.

Kwa hiyo mwenye flopi ndani ya kabati, azitoe mwezi huu. Mashine za kusomea za kuchomeka kwa USB bado zinapatikana. Tazama utando kwanza chini ya mwanga: ukiona madoa ya ukungu usiichomeke, kwani ukungu utakwama kwenye kichwa na kuikwaruza flopi inayofuata. Ikiwa safi, fungua kile kitundu kabla ya kuiingiza, kisha nakili kila kitu mahali pawili tofauti. Na hiyo yangu, tafadhali, irudishwe mbele huku.