Fundisha dibaga yako kushika programu iliyo mbali

Karibuni tena. Leo tunachukua ile dibaga ndogo ya Linux (programu ya kuchunguza programu nyingine ikikimbia) inayotumia ptrace, mwito wa Linux wa kudhibiti programu nyingine, tuifundishe kushika programu inayokimbia kwenye mashine nyingine. Itifaki hatubuni. GDB, dibaga maarufu, wanayo yao, imeelezwa wazi, na gdbserver (seva yao ndogo inayoishikilia programu kule mbali), QEMU (kiigaji cha mashine) na OpenOCD (zana ya kudibagi chipu) zote zinaielewa.

Kabla hujagusa soketi, pekua msimbo wako utafute kila mahali ulipoita ptrace. Zikusanye zote nyuma ya funksheni chache: soma rejista (vihifadhi vidogo ndani ya kichakataji), soma kumbukumbu, weka breikipointi (mahali pa kuisimamisha programu), endelea, subiri. Inachosha, na hakuna cha kuonyesha kwenye skrini, lakini ukiiruka utakuwa unauliza "hii ni ya mbali au ya hapa?" kila kona ya msimbo. Sitisha video, uimalize.

Umerudi? Haya. Kompaili programu ya majaribio kwa gcc -g -no-pie, ili anwani zisihamehame. Fungua terminali ya pili uandike:

gdbserver localhost:2345 ./jaribio

Itasikiliza poti 2345 na kukusubiri. Unganisha kwa soketi ya kawaida ya TCP.

Sasa pakiti. Inaanza na $, unafuata ujumbe, halafu #, kisha tarakimu mbili za heksa (namba za msingi wa 16) za kuhakiki. Tarakimu hizo unazipata kwa kujumlisha baiti zote za ujumbe na kuchukua baki baada ya kugawa kwa 256. Tujaribu ujumbe mfupi, alama ya kuuliza tu, maana yake "umesimama kwa nini?" Baiti yake ni 3f, kwa hiyo tunatuma:

$?#3f

Kwanza inarudi +, yaani imefika. Kisha linakuja jibu, nawe ukishalipokea tuma + yako. Tazama linavyoanza:

$T0506:0*,;07:

Hapa ndipo wengi hutoa macho. Tulifumue polepole. T05 ni ishara namba 5, SIGTRAP. 06 ni namba ya rejista, rbp. Nyota inasema rudia herufi iliyotangulia, na herufi inayofuata ndiyo idadi: chukua namba yake ya ASCII, toa 29. Mkato ni 44, inabaki 15. Sifuri moja na nyingine 15 ni tarakimu 16, baiti nane kamili. Rbp ni sifuri, programu ndiyo kwanza inaanza. Mbele utakutana na 10. Hiyo si kumi, ni heksa, rejista ya 16, yaani rip, inayoonyesha programu imefika anwani gani.

Tuweke breikipointi. Anwani ya main kwangu ni 401136. Yako itazame kwa nm, amri inayoorodhesha anwani za funksheni. Z0 ni amri ya kuweka breikipointi:

$Z0,401136,1#42

Ikijibu OK, iambie programu iendelee, kwa c:

$c#63

Imesimama. Rip inasomeka 3711400000000000. Isome baiti kwa baiti kutoka mwisho: 401137. Imezidi kwa moja, kwa sababu int3, agizo linalowekwa kwenye breikipointi, ni baiti moja na tayari imeshatekelezwa. Gdbserver ingeirudisha nyuma yenyewe kama tungetangaza swbreak+ kwenye qSupported, pakiti ya kuelezana uwezo. Hatukutangaza, basi toa moja, kama unavyofanya kwa ptrace.

Ukipata jibu tupu, $#00, usihangaike. Seva haiijui amri hiyo, basi. Na Ctrl-C haifungwi kwenye pakiti: tuma baiti 03 peke yake, bila $ wala #.

Sasa hamishia gdbserver na jaribio kwenye mashine ya pili. Tafadhali, poti usiiache wazi mtandaoni. Gdbserver haiulizi nywila, anayeifikia ndiye anayeitawala programu. Neno localhost kwenye amri yake halikulindi, kwani gdbserver hulipuuza na kusikiliza anwani zote za mashine. Funga poti 2345 kwa firewall ya mashine hiyo, nawe pitia SSH:

ssh -L 2345:localhost:2345 mtumiaji@mashine

Dibaga yako inaendelea kuunganisha localhost:2345, na huna mstari wa kubadilisha.