Bango la Mwaloni Lilimsemesha Nani?

Wazee wetu shikamooni. Akina mama, vijana, habari za jioni.

Kwenye mwalo mmoja, pale wavuvi wanapoegesha mitumbwi, kule kisiwani Ukerewe, niliona bango la kichocho. Limechorwa vizuri: mtoto yuko majini, amekatwa na mstari mwekundu, na maandishi yanakataza kuoga ziwani. Hatua chache kutoka hapo akina mama watatu walikuwa wanafua, maji yamewafika magotini. Nikamwuliza mmoja kama amelisoma. Akasema amelisoma siku nyingi, ila bado anangoja bango la kumwonyesha maji mengine yako wapi.

Jibu hilo sijaweza kulisahau. Mwaka 1948 Mmarekani Harold Lasswell aliweka swali ambalo wanafunzi wetu wa mawasiliano hulikariri mpaka leo: nani anasema nini, kwa njia gani, kwa nani, na matokeo yake nini? Waliosimamisha lile bango hapo kwenye "kwa nani" walipita mbiombio.

Tazameni kichocho cha tumbo kinavyozunguka. Mayai hutoka na kinyesi cha mtu, huingia ziwani, minyoo hukulia ndani ya konokono, kisha hutoka na kupenya ngozi ya aliye majini. Sasa pale mwaloni hapakuwa na choo hata kimoja, na wavuvi wanalala hapo wiki nzima. Anayeweza kuchangisha matofali ni tajiri wa mitumbwi na kamati ya mwalo. Bango likamsemesha mama mwenye beseni! Inaniuma, kwa sababu yeye ndiye aliyebebeshwa lawama.

Wazee mnaikumbuka kampeni ya Mtu ni Afya, mwaka 1973. Redio haikuachwa iseme peke yake. Watu wapatao milioni 2 walikaa kwa vikundi, wakasikiliza, wakasomewa vijitabu, wakabishana, kisha wakainuka kuchimba vyoo. Naamini kabisa kwamba ule ubishi ndio ulioshika jembe. Miaka 20 baadaye, 1993, ulipoanza mchezo wa redio wa Twende na Wakati, Dodoma haikurushiwa kwanza ili watafiti wapate pa kulinganisha. Waligundua kuwa kwingineko wasikilizaji walianza kuzungumza na wenzi wao habari za uzazi wa mpango, jambo ambalo nyumba nyingi zilikuwa zinalinyamazia. Hiyo ndiyo kazi ya taaluma yetu ya mawasiliano: kujua mazungumzo yamekwama wapi, na ni nani hajaitwa.

Jumamosi napanda meli ya Nansio, kurudi kule kule Ukerewe, na wanafunzi sita. Hatubebi bango. Tumeomba kikao chini ya mwembe, matajiri wa mitumbwi wawepo, wavuvi wawepo. Yule mama amekubali kuja, na tumemwomba aanze yeye kusema.