Anza na tangazo la kazi, koleji itafuata

Habari za jioni wazazi wangu, kaka zangu, dada zangu, na nyie wadogo zangu mliokaa kule nyuma, sogeeni mbele viti bado vipo. Nimeombwa niongee juu ya kuchagua komyuniti koleji, yaani chuo cha miaka 2 cha hapa Marekani, kwa mtu anayetaka kusomea uhifadhi wa maliasili, yaani misitu, wanyamapori, samaki, maji, udongo. Ila kabla sijaanza nimjibu mama mmoja aliyenishika mkono pale mlangoni akaniambia, mwanangu, sisi tumetoka Nyarugusu, kambi ya wakimbizi kule Tanzania, tumefuata kuni mpaka miti ikaisha karibu tukawa tunaenda mbali zaidi kila mwaka, leo mtoto wangu kafika Oregon ndo umrudishe porini? Mama, swali lako zito na nimelibeba. Mimi naona hivi, mtoto aliyeona kwa macho yake kilima kinabaki kipara na mvua inashusha udongo mwekundu hadi mtoni, huyo tayari anajua kitu ambacho wenzake watakikuta kwenye picha za darasani. Na kazi hii ina mshahara, ina bima, ina pensheni.

Sasa tuje kwenye kuchagua. Mimi nilichagua vibaya. Nilichukua koleji kwa sababu basi lilikuwa linasimama getini na ada ilikuwa nafuu, basi, sikuuliza kingine. Miaka 2 nikapiga kitabu, nikamaliza, nikaenda chuo kikuu na karatasi yangu nikaambiwa krediti nyingi, yaani zile pointi unazopata kwa kila kozi uliyofaulu, hazipokelewi kwenye digrii ya miaka 4. Nililia siku ile, nawaambia ukweli. Mshauri wa masomo alikuwa ameniambia kwa mdomo tu usijali, zitahamia.

Kilichonikuta ni hiki. Digrii za miaka 2 hazifanani. Kuna AAS (Associate of Applied Science) na kuna AS (Associate of Science), herufi moja tu inazidi lakini njia ni mbili. AAS mara nyingi imetengenezwa uende kazini moja kwa moja, unajifunza kupima miti, kutumia msumeno wa mashine, kuchora ramani kwa GIS, yaani programu ya ramani ya kompyuta, na ni digrii nzuri kabisa kwa anayetaka kazi ya fundi wa misitu au samaki mapema. AS imetengenezwa uendelee chuo kikuu, inakubana na kemia, bayolojia na hesabu. Mimi nilikuwa na AAS mkononi na ndoto ya AS kichwani, na hakuna aliyeniambia.

Ndo maana nasema anzeni na tangazo la kazi. Fungua USAJOBS, tovuti ya kazi za serikali kuu, leo usiku, andika wildlife biologist, yaani mtaalamu wa wanyamapori, soma pale kwenye masharti. Utakuta wanataka krediti 9 za masomo ya wanyamapori, 12 za zuolojia, 9 za botania, jumla 30, na hizo ni krediti za semista. Hapa Oregon koleji zetu zinahesabu kwa kwota (quarter), yaani muhula mfupi kuliko semista, krediti 1 ya semista ni sawa na 1.5 za kwota, kwa hiyo wewe unatafuta 45. Mtu asipojua hesabu hii anadhani kamaliza kumbe bado. Ukishaijua unachukua katalogi ya koleji unatia alama kozi moja moja, hii inaingia, hii haiingii, na kozi ambayo koleji haina unaiona mapema.

Cha pili angalia fildi, yaani masomo ya nje ya darasa. Uhifadhi haufundishiki kwenye chumba chenye projekta peke yake. Mt. Hood Community College pale Gresham wana kozi ya samaki na wana kituo cha kuzalisha samaki hapohapo chuoni, na karibu yao kuna mto Sandy ambao bwawa la Marmot lilibomolewa 2007 samoni wakaweza kupanda bila bwawa kuwazuia. Mwanafunzi anakwenda kuangalia mto uliofunguliwa! Finger Lakes Community College kule New York wana kituo cha utafiti kando ya ziwa Honeoye. Haywood kule North Carolina wanafundisha misitu na wanyamapori milimani. Ila ukivuka jimbo ada inapanda sana, kwa hiyo kwa familia nyingi humu ndani mimi ningeanza na iliyo karibu.

Uliza pia kama wanafundisha S-130 na S-190, hizo ni kozi za mwanzo za kuzima moto wa nyika, na vijana wengi wanapata kazi ya kwanza ya kiangazi kwa njia hiyo. Kuna mtihani wa mwili, unatembea maili 3 na mzigo wa pauni 45 mgongoni ndani ya dakika 45, hairuhusiwi kukimbia. Nyie mliobeba ndoo za maji kambini mtaweza, ila mjiandae.

Hela, haraka haraka. Mkimbizi anajaza FAFSA, ile fomu ya kuomba msaada wa ada wa serikali kuu, I-94 yenu, karatasi ya kuingia nchini, inatosha, msisubiri grini kadi. Pell Grant, msaada wa ada wa serikali kuu, kwa mwaka wa masomo 2024–25 kiwango chake cha juu kilikuwa dola 7,395, na hela hiyo huirudishi, siyo mkopo. Kazi za serikali kuu kwa kawaida zinataka uraia, ambao mkimbizi anaweza kuuomba baada ya miaka 5 hivi tangu afike, kwa hiyo miaka ya mwanzo tafuteni kwenye jimbo, kaunti, na wilaya za hifadhi ya udongo na maji.

La mwisho ni imeili. Kabla hujajiandikisha, waandikie koleji na waandikie chuo kikuu unachokitaka baadaye, swali lilelile, kozi hizi zinahamia au hazihamii, na jibu lije kwa maandishi, ulitunze. Mimi ningekuwa na imeili moja tu ya namna hiyo ningekuwa na kitu cha kuonyesha. Ambaye Kiingereza cha kuandika bado kinamsumbua, mimi nipo hapa mpaka saa 3 usiku, meza ile ya chai, njooni na simu zenu tuziandike pamoja.