Hori ya Luka, Nyumba ya Mathayo

Ndugu zangu, wenye Biblia naomba mfungue Mathayo 2:11. Mamajusi wamefika Bethlehemu. Wanaingia wapi? “Wakaingia nyumbani.” Sasa nendeni Luka 2:7: mtoto amelazwa katika hori ya kulia ng'ombe. Hori ni ya Luka, mamajusi ni wa Mathayo. Kuwakutanisha zizini ni kazi yetu sisi, kila Krismasi, watoto wakivaa kanga na taji za karatasi. Naipenda mno siku hiyo. Lakini leo tumsikilize kila mwandishi peke yake, tukijiuliza: Yesu alizaliwa Bethlehemu au Nazareti?

Kwa Mathayo, Yusufu na Mariamu wako Bethlehemu tangu mwanzo, hasemi walikotoka. Nazareti inakuja baada ya Misri, kwa kuwa Yusufu anamwogopa Arkelao, mwana wa Herode Mkuu, aliyetawala Uyahudi baada ya baba yake. Kwa Luka, kwao ni Nazareti, na kinachowapeleka Bethlehemu ni kuandikishwa, wakati “Kirenio alipokuwa liwali wa Shamu,” yaani Siria. Hapo ndipo penye ugumu. Mathayo anasema Yesu alizaliwa zamani za mfalme Herode Mkuu, na wanahistoria wengi wanasema Herode huyo alifariki mwaka 4 K.K. Uandikishaji wa Kirenio, tukimfuata Yosefo, mwanahistoria Myahudi wa karne ya 1, ulikuwa mwaka 6 B.K. Tena ulihusu Uyahudi. Nazareti iko Galilaya, na Galilaya ilikuwa mikononi mwa Herode Antipa, mwana mwingine wa Herode Mkuu, si mwa Kirenio.

Kwa hiyo wote wawili wana miji ileile miwili, ila kila mmoja anaiunganisha kwa njia yake. Bethlehemu ilihitajika: ni mji wa Daudi, na Mika 5:2 imeutaja. Nazareti nani aliihitaji? Agano la Kale lote halina jina hilo. Nathanaeli mwenyewe, aliyekuja kumfuata Yesu, aliuliza kama kitu chema chaweza kutoka huko. Kijiji cha namna hiyo mtu hakitungi ili kumpamba Masihi wake. Ndiyo maana mimi naegemea Nazareti.

Sidharau Bethlehemu. Katikati ya karne ya 2 Yustino Shahidi, mwandishi Mkristo, alikwisha kutaja pango la Bethlehemu alimozaliwa Yesu, na leo mahujaji huinama chini ya Kanisa la Kuzaliwa kwa Yesu wakaigusa nyota ya fedha sakafuni. Imani yao naiheshimu kwa moyo wote.

Ila someni pia Yohana 7:41-42. Watu wanabishana: Kristo atatokaje Galilaya, wakati Maandiko yanasema Bethlehemu? Palikuwa mahali pa kuwajibu kwa neno moja tu, kwamba alizaliwa huko. Yohana analiandika swali lao, kisha anasema watu wakagawanyika.