Kutoa Hewa kwenye Breki na Klachi ya Pikipiki: Tuanze na Kifaa Gani?

Mafundi wenzangu na waendesha pikipiki, karibuni. Najua wengi mmekuja kusikia ni pampu ipi ya kununua. Nitaifikia, lakini naanza na spana, kwa sababu kazi hii mara nyingi huharibikia kwenye nipo, yaani skrubu ya kutolea hewa, kabla pampu haijaguswa.

Nipo ya kalipa, kile kifaa kinachobana pedi za breki kwenye diski, ni chuma chembamba kilichotobolewa katikati. Nyingi hufunguka kwa spana namba 8, ingawa utakutana na 7, 10 na hata 11. Ukiitia spana ya mdomo iliyolegea, unazila pembe zake; ukiilazimisha kwa spana ya mkono mrefu, unaikata, na kipande kinabaki ndani ya kalipa. Chukua spana ya ringi, fupi, ya pembe sita. Ivishe kwanza, ndipo uchomeke mpira. Na kukaza ni kidogo: pikipiki nyingi hutaka nyutonimita 6 hadi 8 hivi, yaani nguvu ya kiganja tu.

Mpira uwe mwangavu ili uone mapovu, na uibane nipo sawasawa. Ncha ya pili izame ndani ya mafuta kwenye chupa.

Sasa tuzungumze juu ya hewa yenyewe. Mafuta ya breki hayabanwi, hewa hubanwa. Ndiyo maana mkono wa breki hulegea hadi kugusa usukani. Tena hewa hupanda, hata kama wewe unaisukuma ishuke. Ukilishika hilo, kuchagua kifaa kunakuwa rahisi.

Kwa breki ya kawaida, njia ya zamani inatosha: bana mkono, fungua nipo, funga, achia. Ukikosea mpangilio huo, ukaachia mkono kabla ya kufunga, hewa inarudi ndani. Mpira wenye valvu ya njia moja unazuia hilo, na mtu mmoja anafanya kazi bila msaidizi. Hicho ndicho kifaa cha pili ambacho ningenunua, baada ya spana.

Pampu ya kuvuta ina sifa yake: hujaza haraka mfumo uliokauka kabisa. Ila nipo ikilegezwa, pampu huvuta hewa ya nje kupitia kwenye nyuzi zake. Mapovu hayaishi, na fundi anaanza kubadilisha sili zisizo na kosa. Kwa hiyo ukiitumia, usiamini mapovu. Amini ugumu wa mkono wa breki.

Klachi ni habari nyingine. Silinda ya chini iko karibu na injini, na kila ukibana mkono, mafuta yanayosogea ni machache. Povu linashuka kidogo, ukiachia linapanda tena. Unaweza kubana mchana kutwa! Hapa napendekeza bomba kubwa la sindano: lijaze mafuta mapya, toa hewa yote kwenye mpira, kisha sukuma polepole kutoka chini kwenda juu. Hewa inakwenda inakotaka kwenda. Kwanza punguza mafuta kwenye kikopo cha juu, yasije yakafurika, maana mafuta ya glikoli hula rangi. Yakimwagika, osha kwa maji mengi papo hapo. Na kama mafuta ya zamani ni machafu, yatoe kwanza, usiyapandishe na taka zake hadi kwenye masta silinda, ile ya juu penye mkono.

Soma kifuniko kabla ya kumimina. DOT 4, daraja mojawapo la mafuta ya breki ya glikoli, ikiwa mpya huchemka si chini ya nyuzi 230 za Selsiasi. Ikishanyonya maji, kiwango hicho cha chini hushuka hadi 155. Kopo lililokaa wazi liache. DOT 5 ni silikoni, haichanganywi na hizo nyingine. Zipo pia klachi zinazotumia mafuta ya madini, na ukizitia DOT unaharibu sili zake. Kwa hiyo bomba la sindano na mpira wa kila aina ya mafuta viwekwe mbalimbali.

Mwisho ni ABS, mfumo unaozuia magurudumu kujifunga unapopiga breki. Baadhi ya pikipiki hizi zinahitaji kifaa cha uchunguzi cha kielektroniki kufungua valvu za moduli, yaani kisanduku cha ABS ambacho mafuta ya breki hupitia. Kama huna kifaa hicho, badilisha mafuta tu, na usiache kikopo kikauke hata kidogo, kwa kuwa hewa ikishaingia kwenye moduli, spana na sindano haviwezi kuitoa.